Nyumba ya Siku 365

Wahenga walisema siku hazigandi. Je, zaweza kujengewa nyumba?

Mwaka 1867, katika mji wa Scarborough, mwambao wa kaskazini-mashariki ya Uingereza, ilifunguliwa Grand Hotel, jengo lililothubutu kujibu swali hilo. Msanifu wake, Cuthbert Brodrick, aliliweka juu ya genge linaloitazama bahari, akalipa umbo la herufi V kwa heshima ya Malkia Victoria. Kisha akaugawa mwaka ndani ya matofali: minara 4 kwa majira, ghorofa 12 kwa miezi, dohani 52 kwa majuma, na vyumba vya kulala 365 kwa siku. Aliyelala humo alilala ndani ya kalenda.

Fahari hiyo haikosi uzuri. Lakini kuhesabu wakati si kuumiliki. Mwaka 1868, wa kwanza kamili katika umri wa hoteli hiyo, ulikuwa mwaka mrefu. Siku ya 29 Februari ikaja isikute chumba chake. Na asubuhi ya 16 Desemba 1914, manowari za Ujerumani zilipoupiga mji kwa mizinga, hoteli nayo ilipigwa. Ukamilifu wa hesabu haukuwa ngao.

Kabla ya hoteli, mahali hapo palikuwa na nyumba ya kupangisha wageni. Humo, tarehe 28 Mei 1849, alifariki mshairi na mwandishi wa riwaya Anne Brontë kwa maradhi ya kifua kikuu, siku 3 tu baada ya kuwasili. Alikuwa na umri wa miaka 29. Jiwe la kaburi lake likaandikwa 28. Kumbe hata jiwe hukosea kuhesabu.

Mwenyewe alijua kuwa siku zake ni chache. Mwezi wa Aprili alikuwa amemwandikia rafiki yake kwamba mauti hayamtishi, ila angependa kubakishwa ili atende jambo jema duniani kabla ya kuondoka. Hapo ndipo hesabu inapopata maana. Msanifu aliuliza mwaka una siku ngapi. Mgonjwa aliuliza siku ni ya kazi gani. Swali la kwanza hujibiwa kwa matofali. La pili halijibiwi ila kwa matendo, na halimsubiri mtu amalize kujenga.

Mgeni hukabidhiwa chumba jioni, asubuhi akarudisha ufunguo. Siku nayo ni vivyo hivyo: haiulizwi upana wake, huulizwa aliyepita humo alitenda nini.