MTOTO ANAYETUMWA SIGARA: DHAMBI NI YA NANI?

Ndugu Waislamu wa Butembo na Beni,

Leo tunawauliza akina baba. Baba amekaa nje ya nyumba, anamwita kijana wake wa miaka kumi: "Kimbia kibandani, niletee sigara moja, uje nayo imewashwa." Mtoto anaivuta mara mbili njiani isizimike. Kijijini ni hivyo hivyo: babu anamtuma mjukuu jani la tumbaku na kaa la moto. Miaka mitano baadaye kijana anakutwa akivuta kwenye kituo cha pikipiki, na baba anashika fimbo. Nani alianza?

Utasema: "Nilimtuma tu." Katika habari ya pombe Mtume (S.A.W.) hakumtaja mnywaji peke yake, alimtaja pia anayeibeba na anayebebewa. Tumbaku si pombe, tunajua. Lakini mbebaji wetu hana hiari. Anamtii mzazi kama alivyofundishwa madrasa. Akikataa ataitwa mkaidi. Basi tumeuchukua utii wake, ambao ni wema, tukaufanya njia ya kumdhuru.

Wengine hujificha nyuma ya neno makruhu. Tumbaku iliingia nchi za Kiislamu yapata mwaka 1600, na wanazuoni walihitilafiana kwa kuwa madhara hayakuwa wazi. Leo Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, tuliacha hata kupeana mikono (ubishi ulikuwepo!) kwa kuwa tulijulishwa hatari. Kwa nini ujuzi ule utubadilishe na huu usitubadilishe?

Iko hoja nzito zaidi. Kijana aliyekimbia mauaji ya vijiji vya Beni, yaliyoanza 2014, utamnyima kitu cha kumtuliza? Tusimjibu kwa ukali. Lakini nikotini hutuliza kiu iliyoletwa na nikotini yenyewe. Hofu yake inabaki palepale, na franka za chakula zimekwisha. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye na kazi ya kufanya.

Nchi yetu iliridhia mkataba wa dunia juu ya tumbaku mwaka 2005; kifungu cha 16 kinahusu kuwauzia watoto, na pia sigara za moja moja, maana kijana hana fedha ya pakiti nzima. Enyi wenye maduka na vibanda, wengi wenu mko safu hizi za mbele: mtoto akija akisema "baba amenituma", mrudisheni mikono mitupu, baba aje mwenyewe.