Kwani Alimpa Namba ya Nini?

Mzee akitapeliwa pesa za Inua Jamii, hilo ndilo swali la kwanza mtaani: kwani alimpa namba ya nini? Tapeli tunamfikia baadaye, kama tutamfikia. Nimelisikia swali hili mara nyingi, na kila mara linajifanya linatafuta ukweli huku limeshatoa hukumu.

Pesa zenyewe si nyingi. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa anapewa shilingi 2,000 kwa mwezi, zisipochelewa. Sisi wa mjini tunaweza kuzimaliza Ijumaa jioni moja. Kwa shosho ni unga, dawa ya presha na deni la duka. Ili azipate, iwe ni kwa kadi au kwa simu, lazima kuwe na kidole au tarakimu nne za siri.

Sasa, aliyebuni mambo haya alikuwa anamfikiria nani? Ni mtu anayeona vizuri, anayesoma maandishi madogo, na aliyezoea kufanya mambo yake peke yake. Shosho ana mtoto wa jicho. Vidole vyake vimesuguliwa na jembe hadi mashine inavikataa. Lazima amwombe mtu amsaidie. Halafu tunamwambia asimwamini mtu yeyote. Wajibu ambao huwezi kuutimiza bila kuuvunja, mimi siuiti wajibu. Huo ni mtego.

Tena siri yenyewe ni kitu kigeni kwake. Maisha yake yote yamebebwa na imani: chama, mkopo wa sukari kwa neno tu, mtoto kuachwa kwa jirani. Kumficha mkaza mwana namba ni kama kumwambia usoni kwamba ni mwizi. Tapeli anaijua imani hiyo kuliko sisi. Anapiga simu, anamwita mama, anauliza magoti yanaendeleaje, ndipo anasema akaunti itafungwa leo asipotuma ada ya usajili au asipotaja PIN. (Hakuna ada kama hiyo, na hakuna afisa anayehitaji PIN yako.) Uchungu ni kwamba wakati mwingine tapeli ndiye mtu pekee aliyemjulia hali wiki hiyo.

Rafiki yangu mmoja anasema hapa nawadekeza wazee. Mtu aliyelea watoto saba na kuuza ng'ombe sokoni bila kupunjwa, kwa nini nimwondolee lawama kama mtoto mchanga? Hoja hiyo ina nguvu. Ukimwambia mtu hana kosa lolote kamwe, hatua inayofuata ni kumnyang'anya kadi "kwa usalama wake". Na familia nyingi zimefika hapo. Mpango unaruhusu mzee awe na mlezi wa kumchukulia pesa, na wapo walezi waaminifu kabisa. Wapo pia wajukuu ambao shosho hajui walichukua ngapi.

Kwetu, binamu zangu walitaka mimi niandikwe mlezi. Shosho alikataa. "Nikikupa hiyo kadi," alisema, "nitakuwa nakuomba pesa yangu."

Sikuwa na jibu, na bado sina. Tulichofanya ni kukaa na simu ya zamani ya vitufe jioni kadhaa, hadi vidole vyake vikashika njia: juu, katikati, chini, kando. Hasomi namba, anaifuata kama anavyofuata njia ya kisimani usiku. Mimi huwa namgeuzia mgongo akifanya mazoezi.

Kwa wakala anachukua karibu dakika mbili. Anafunika mashine kwa leso, anabonyeza, anakosea, anaanza upya. Nyuma yake watu wanasonya. Mara ya mwisho kijana mmoja alimwambia, "Shosho, si unitajie tu nikubonyezee?" Hakuwa tapeli, nadhani. Alikuwa na haraka tu.