Meza ya Bahati

Neno la msingi: Isaya 65:11, Mithali 13:11



Kijana wetu mmoja, mwendesha bodaboda hapa Malindi, alikuja kwangu baada ya maombi ya Jumatano. Hakutaka kuketi. Yeye ndiye mweka hazina wa kikundi chao cha akiba, na shilingi 9,000 za kikundi zilikuwa zimeishia kwenye simu. Nikadhani ni ile ndege ya kubeti ambayo sote twaijua. Akanambia, "La, Pasta. Ni poka. Na poka si kamari, ni akili." (Amenipa ruhusa nisimulie. Jina ndilo amekataa.)

Nikamwambia anifunze. Kuna Texas Hold'em: wapewa karata mbili za siri, na tano zafunuliwa mezani za wote. Kuna Omaha: za siri ni nne, kwa hiyo kila mtu ajiona ana mkono mzuri, na dau lapanda. Kuna na ile ya kucheza na mashine peke yako. Hiyo hata yeye aliicheka.

Nisiwadanganye, akili ipo. Anayejua kuhesabu karata zilizobaki na kusoma mwenzake atamshinda asiyejua. Mimi nilisomea biashara, na nakiri hesabu zile zilinivutia. Nilijikuta nawaza, hii mbona ningeiweza! Hapo ndipo nikaomba kalamu.

Skizeni. Watu 6 wameketi, kila mmoja ameingiza 1,000 kwa M-Pesa. Jumla 6,000. Mwenye meza hachezi, yeye hukata kidogo katika kila mzunguko. Tuseme asilimia 5. Mzunguko ukikusanya 600, achukua 30. Thelathini ni nini? Lakini mizunguko 100 ya namna hiyo ni 3,000. Nusu ya pesa imeondoka mezani na hakuna hata mmoja kati ya wale sita aliyeishinda. Na kwa simu, mizunguko 100 ni jioni moja tu. (Kuna watu humu huona fungu la kumi ni zito. Haya, ninyamaze.)

Sasa tuseme wewe ndiwe mwenye akili kuliko wote, ukaibeba ile iliyobaki. Umeitoa wapi? Si kwa kampuni. Umeitoa kwa mtu aliyeketi Mtwapa au Kilifi na simu yake, ambaye nyumbani wangojea unga. Ushindi wako ni unga ule. Someni Yohana 19: askari walipigia kura vazi la Yesu naye yuko juu yao msalabani, bado apumua. Mmoja alishinda kweli. Akaenda na vazi.

Isaya awakemea watu waliomwacha Bwana wakaenda kuandalia meza mungu aitwaye Bahati. Meza! Nilidhani naijua sura hiyo, mpaka kijana aliponionyesha kioo cha simu yake: meza ya kijani, viti sita, kimoja ki wazi.

Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Vyema. Lakini simu iliyo chini ya mto, saa nane za usiku, haihitaji tangazo.

Mithali 13:11 yamsifu akusanyaye kwa mkono, kidogo kidogo. Nilimpa kijana mstari huo, kisha nikamwambia aende akakiri kikundini. Nilimsindikiza, nikaketi karibu na mlango. Mwenyekiti ni mama auzaye viazi karai. Hakupiga kelele. Alinyamaza kwa muda mrefu, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kutoa jasho, kisha akauliza, "Mwanangu, utalipa vipi?"

Alipa 300 kila Jumamosi. Hadi juzi, amebakisha 5,400.