Saa inayotaka uonyeshe njia

Sebuleni kwa shemeji yangu, mwalimu wa hisabati wa sekondari, kuna saa ya ukutani isiyo na namba hata moja kati ya zile tulizozizoea. Palipotakiwa kuwa na 12 pameandikwa kipeuo cha tatu cha 1728. Penye 6 kuna 3 yenye alama ya mshangao, yaani faktoria ya 3: tatu mara mbili mara moja. Penye 9 kuna 21 na kinne kidogo kimeshikizwa chini yake, maana hiyo ni 21 ya mtu anayehesabu kwa mafungu ya nne: nne mbili na moja ya ziada. Penye 10 wameweka idadi ya namna za kuchagua watu wawili kati ya watano. Saa za aina hii huuzwa Marekani na Ulaya, mara nyingi kama zawadi kwa walimu na wanafunzi wa somo hilo.

Mgeni akiingia huitazama, hutabasamu, huuliza maswali mawili matatu, kisha husoma saa kama kawaida. Hakuna anayekokotoa kitu. Mshale ukielekea kulia kabisa ni penye 3, basi, hata kama pameandikwa nini. Mahali penyewe pameshatoa jibu.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna hesabu nyingine juu ya hiyo. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7 asubuhi, mtoto wa darasa la pili Tanga au Mombasa atakwambia ni saa moja. Siku yetu inaanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta jua halituyumbishi: mwaka mzima linatoka na kuzama kwa tofauti ndogo tu ya dakika. Uso wa saa, kwa upande wake, uliundwa na watu wanaoanza kuhesabu usiku wa manane na adhuhuri. Kwa hiyo mtoto yule anatoa sita, au anasoma namba iliyo upande wa pili wa mshale, na akiishiwa namba anazunguka. Utingo naye akiulizwa basi linaloondoka saa 3 asubuhi kwa safari ya saa 11 litafika lini, atajibu saa 2 usiku kabla hujamaliza kuuliza. Tatu na kumi na moja ni kumi na nne. Ondoa kumi na mbili, zinabaki mbili.

Hesabu hiyo ya mabaki ina heshima kubwa kuliko tunavyoipa. Carl Friedrich Gauss, Mjerumani, ndiye aliyeipangia misingi na alama zake katika kitabu alichokichapisha mwaka 1801, akiwa na umri wa miaka 24. Saa ya shemeji inaitumia penye 4: inataka namba ambayo ukiizidisha kwa 2 na kugawanya kwa 7, baki ni 1. Mwanafunzi wa chuo huumiza kichwa kwa mambo ya namna hiyo. Mtoto anayesoma saa kwa Kiswahili anaishi ndani yake kila siku, wala hakuna aliyemwambia kwamba anafanya hisabati. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na mzazi anayesema mbele ya mwanawe, kwa sauti ya kujivunia kabisa, kwamba ukoo wao hauna kichwa cha hesabu.

Ipo saa nyingine ya jamaa hiyohiyo, yenye milinganyo badala ya namba, na kwangu hiyo ndiyo yenye funzo zito zaidi. Penye 9 wameandika 3 mara mabano ya pai toa 0.14. Mbunifu alifikiri hivi: pai ni 3.14, ondoa 0.14 inabaki 3, tatu mara tatu tisa. Lakini pai haiishii kwenye 3.14. Johann Heinrich Lambert alithibitisha mwaka 1761 kwamba haiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba mbili nzima, kwa hiyo desimali zake haziishi wala hazirudii mpangilio mmoja. Ukikokotoa kwa uaminifu unapata 9.0048 hivi, ambayo ni sekunde 17 baada ya mshale kufika kwenye 9. Penye 7 kuna kubwa zaidi: 52 toa kipeo cha pili cha x, jumlisha x, ni sawa na 10. Mlinganyo huo una majibu mawili, 7 na hasi 6. Ukikubali hasi 6 na kurudi nyuma kutoka 12, unaangukia kwenye 6.

Sekunde 17 hazimcheleweshi mtu kazini. Ninachokitazama ni safari ya kosa lenyewe. Lilipita kwa aliyechora, likapita kwa aliyepiga chapa, muuzaji na mnunuzi, likatundikwa ukutani kwa watu walioisomea hisabati. Halikuzuiwa kwa sababu kila aliyeitazama alijua jibu tayari. Tisa ni tisa, mahali pake panajulikana. Nani apoteze muda kupitia mabano?

Nimekaa kwenye vikao vya kutosha vya kuvunja kamati za harusi kulijua jambo hili kwa sura nyingine. Mweka hazina anasimama, anasoma jumla ya michango, anasoma jumla ya matumizi, bakaa ni sifuri, mwenyekiti anaomba makofi. Tunapiga. Anayeomba kuona daftari mstari kwa mstari huonekana ana la moyoni, au hakuupenda ukumbi. Mara nyingi hesabu zile huwa safi kabisa, na mweka hazina amekesha kuzipanga. Hata huyo tunamdhulumu, kwa sababu kazi yake hakuna aliyeiona. Tumeipigia makofi namba ya mwisho.

Kwenye mtihani wa hisabati tunawaambia watoto waonyeshe njia, na msahihishaji hutoa alama kwa njia hata jibu likikosewa. Lakini mtoto akirudi nyumbani tunamuuliza amepata ngapi. Nchini Tanzania, Hisabati imekaa chini ya masomo mengine kwa ufaulu katika mtihani wa kidato cha nne kwa miaka mingi sana, na uhaba wa walimu na vitabu unajulikana. Mimi naongeza jambo moja: mtoto aliyechapwa kwa jibu hujifunza kulitafuta jibu popote lilipo, kwa jirani au nyuma ya kitabu, na njia inabaki pori.

Siku moja binti wa shemeji, aliye kidato cha pili, aliniita nikiwa pale. Penye 7 kwenye saa yao pameandikwa 6.999, na vitone vya kuonyesha kwamba tisa zinaendelea bila kikomo.

"Mjomba, hii wamekosea. Haiwezi kuwa saba. Inakaribia tu."

Baba yake alisikia. Hakumwambia kwamba amekosa, wala kwamba amepatia. Alimuuliza moja gawanya kwa tatu ni ngapi kwa desimali.

"Nukta tatu, tatu, tatu... haishi, baba."

"Haya, zidisha kwa tatu."

Binti akaandika, akapata nukta tisa zisizoisha. Akatulia kidogo, kwa sababu theluthi tatu ni moja kamili, na hilo halina ubishi. Lakini hakukubali. "Kuna kitu kinabaki hapo katikati, baba. Lazima kiwepo."

"Kama kipo, kitafute uniambie ukubwa wake."

Alikitafuta hadi chakula kikaiva. Kila tofauti ndogo aliyoitaja, baba yake aliongeza tisa chache na ile tofauti ikapitwa. Mwishowe binti mwenyewe ndiye aliyesema kwamba kitu kisicho na ukubwa wowote hakipo. Sijaona somo zuri kuliko lile, na nimesoma kwa walimu wazuri.

Bado sijasema kilichoandikwa penye 1. Ni herufi B yenye L ndogo, na hiyo ni namba ya Legendre. Adrien-Marie Legendre, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1752, alishughulika na namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Alitaka kanuni ya kukadiria namba tasa ziko ngapi chini ya kiwango fulani, na mwaka 1808 alichapisha kanuni ambayo ndani yake kulikuwa na namba moja aliyoikadiria kutokana na majedwali ya wakati wake: 1.08366. Majedwali yale hayakufika mbali vya kutosha. Baadaye Mrusi Pafnuty Chebyshev alionyesha kwamba ikiwa kiasi hicho kinatulia mahali, hakiwezi kutulia kwingine ila kwenye 1. Na mwaka 1899 Mbelgiji Charles-Jean de la Vallée Poussin akathibitisha kwamba kweli hutulia hapo. Desimali zote tano za Legendre ziliondoka.

Hata hivyo jina lake lilibaki. Kwangu hiyo ni haki tupu. Legendre aliweka kanuni yake hadharani, ikajulikana namba yake imetoka wapi, na waliomfuata wakaweza kuona hasa inapopinda. Angeficha njia na kutangaza jibu peke yake, lingesahaulika siku lilipoonekana si sahihi.

Binti yule na wenzake sasa wanatengeneza saa yao kwa boksi. Sharti walilojiwekea ni kwamba kila saa iandikwe kwa 9 tatu. Kumi na moja ilikuja mara moja: 99 gawanya kwa 9. Kumi ni 9 jumlisha 9 gawanya kwa 9, na nane ni hiyohiyo kwa kutoa. Mbili ni 9 na 9 zikigawanywa kwa 9. Nne walipata kwa kipeuo cha pili cha 9, ambacho ni 3, wakajumlisha 9 gawanya kwa 9. Sita ni 9 toa 9 iliyogawanywa kwa kipeuo cha pili cha 9, na kumi na mbili ikafuata palepale. Wamekwama kwenye 5 na 7. Baba yake anazijua zote mbili na hasemi; amewaruhusu tu kutumia faktoria. Msomaji akitaka kushindana nao, masharti ni hayohayo: 9 tatu, si zaidi wala si pungufu.