Asili na Deni Lake

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Kwa kuutii usia huo, sisi wa ukoo mmoja tukaao Mwanga, mjini Kigoma, tulianza kuyachungua maisha ya baba wa babu yetu, aliyekuwa mkulima na mfanyabiashara huko Ujiji katika zama za Wadachi na za Waingereza.

Masimulizi ya ukoo yalitupa sifa tupu. Alikuwa na shamba la michikichi. Mawese yake aliyabadilisha kwa chumvi ya Uvinza na dagaa wa ziwani. Na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, biashara yake ikapanuka. Kodi alilipa, wageni aliwakirimu, msikitini hakukosa. Tukajivuna.

Ndipo ajuza mmoja, jirani yetu, alipotuuliza: “Wajukuu zangu, mashimo ya michikichi ile aliyachimba nani?” Tukanyamaza. Yeye alijua, kwani mmoja wa wachimbaji alikuwa bibi yake mwenyewe, aliyevushwa ziwa akiwa mtoto, akauzwa Ujiji.

Sheria ya Wadachi iliwahesabu kuwa huru watoto wa watumwa waliozaliwa kuanzia mwaka 1906. Mama zao wakabaki walivyokuwa. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922. Lakini mchikichi hauulizi aliyeupanda. Huzaa miaka mingi. Mawese ya shamba lile ndiyo yaliyomlipia baba yetu karo ya shule, na elimu yake ndiyo iliyotulea sisi.

Wako wasemao kuwa mzee yule alifuata desturi za wakati wake, na kwamba marehemu hasemwi kwa ubaya. Adabu hiyo ni njema. Lakini bibi yule naye ni marehemu. Je, yeye asemwe na nani? Kumstahi mmoja kwa kumfuta mwingine si heshima, bali ni kumwuza mara ya pili.

Hatumkani mzee wetu, wala hatumpambi tena. Kwa idhini ya ajuza yule, katika hitima ya wazee wetu sasa tunalitaja jina la bibi yake pamoja na la babu, na watoto wakiuliza huelezwa sababu.

Basi, enyi vijana mtafutao asili zenu, msiulize tu babu aliacha nini. Ulizeni pia ni nani aliyemlimia.