Je, Mwema Ametukanwa?

Kijana mmoja mwenye mwenendo mzuri, asomaye chuo kikuu, ametuletea nung'uniko. Chuoni mwake wasichana hufundishwa kutambua hatari na kujikinga, na wavulana nao huitwa kusikiliza mafundisho juu ya heshima ya wanawake. "Padre," alituambia, "mimi sijamgusa mtu. Mbona natazamwa kama mwizi?" Yafaa tumjibu, maana wenye moyo kama wake ni wengi.

Twakiri kwamba uchungu wake si wa bure. Samaki mmoja akioza, wote wameoza: ndivyo watu wasemavyo, na mwema huona vibaya kuhesabiwa pamoja na mwovu. Lakini na autazame mlango wa kwao. Mama yake huufunga kila usiku, wala hakuna jirani mwaminifu aliyekuja asubuhi kudai kwamba ametukanwa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha katika karne ya 13 kwamba mtu ana haki ya kuulinda uhai wake, na Kanisa lashika hivyo hata leo. Wala mafunzo hayo si kazi bure. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015, juu ya wasichana 893 wa vyuo vikuu vitatu vya Kanada, ulionyesha kwamba kwa muda wa mwaka mmoja, kati ya waliofundishwa kwa saa 12, walionajisiwa walikuwa kama 5 katika kila 100. Kati ya waliopewa vijitabu tu, walikuwa kama 10.

Hata hivyo, ole wetu tukiwaachia wasichana peke yao mzigo huu, kana kwamba kosa ni la asiyejua kujikinga. Dhambi ni ya mtenda. Tena iko sehemu ya watazamaji. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafunzi wa kike alijiua baada ya kuandamwa na kikundi cha siri kilichoitwa "Punch", ambacho kilibandika ukutani maandishi ya kuwafedhehesha wenzao. Maandishi ya ukutani yana nguvu gani pasipo wasomaji? Mwandishi hujificha, msomaji husimama mchana kweupe, akacheka, kisha akaenda zake akijiona mwema.

Twamkumbuka Susana, ambaye habari zake zimo katika kitabu cha Danieli. Wazee wawili walimtamani. Alipowakataa na kupiga kelele, walimsingizia, na mkutano wote ukawasadiki. Danieli, kijana tu, ndiye aliyepaza sauti. Hakulalamika kwamba wazee wale wameliharibu jina la wanaume. Alisimama kumwokoa aliyeonewa.

Basi ndugu yetu na aende akasikilize, pasipo kinyongo. Na siku rafiki zake watakapomfanyia msichana dhihaka njiani, asicheke, wala asinyamaze. Hapo ndipo watu watakapojua kwamba si samaki wote waliooza.