Nyumba za Kodi na Hesabu ya Kweli

 

Ametuuliza ndugu yetu mmoja wa Tanga, naye ni wasii wa mayatima watatu wa marehemu rafiki yake: Je, yafaa kutoa fedha zao akajenga vyumba vinne vya kodi huko Maretadu, katika wilaya ya Mbulu, ambako shemeji yake afanya biashara? Dalali amemwambia ya kuwa rasilimali itarudi katika miaka kumi.

Twasema: kujenga nyumba za kodi ni chumo la halali lisilo shaka, ila fedha zikiwa za kukopa kwa riba. Lakini ahadi ya dalali si hesabu. Maretadu si Ng'ambo ya Unguja wala si Kariakoo. Ni nchi ya wakulima na wafugaji wa Kiiraqw, na mwenyeji wa huko hukaa katika nyumba yake juu ya shamba lake. Apangaye chumba ni mwalimu, au muuguzi, au mfanyabiashara mgeni, na watu hao ni wachache. Mwalimu akihamishwa, chumba hufungwa mpaka aje mwingine.

Natufanye mfano. Tuseme vyumba vinne vyagharimu shilingi 15,000,000, na kila chumba ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Dalali hupiga vyumba vinne kwa miezi 12, akapata 1,440,000 kwa mwaka, na kweli rasilimali yarudi katika miaka kumi na kitu. Lakini katika miezi 48 ya vyumba vyote, toa miezi 12 ambayo chumba hiki au kile ki kitupu, zabaki 1,080,000. Toa 240,000 za msimamizi na ukarabati. Zabaki 840,000, na rasilimali haitarudi ila karibu na mwaka wa kumi na nane. (Na paa la bati halitangoji miaka hiyo yote bila kudai haki yake.) Tena mpangaji akiwa mfanyabiashara, sheria ya kodi ya mapato humtaka akate asilimia 10 na kuipeleka serikalini, nayo hiyo hatukuitia katika mfano wetu.

Wengi hudhani kodi ni haki ya mwenye nyumba kwa kuwa nyumba ni yake. Sivyo. Kodi ni thamani ya manufaa, na manufaa yakikatika nayo hukatika. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi wamesema ya kuwa matengenezo ni juu ya mwenye nyumba: paa likivuja naye asilitengeneze upesi, mpangaji ana hiari ya kuvunja mapatano. Nyumba ikibomoka, ijara huvunjika kwa muda uliobaki, na kodi iliyotangulizwa hurudishwa kwa kadiri yake. Kwa hiyo apokeaye kodi ya miezi sita kwa mkupuo asiitumie kana kwamba yote imekwisha kuwa halali yake. Wala haifai kumwambia mpangaji, "Kaa, na kodi yako ni kunitengenezea nyumba," kwa sababu kiasi chake hakijulikani. Kodi sharti itajwe.

Sasa turejee kwa mayatima. Mtu akijihatarisha kwa fedha zake, hasara ni yake. Wasii hana ruhusa hiyo. Sura ya Nnisaa imewaonya vikali wenye kuila mali ya yatima kwa dhuluma. Na Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika Minhaj hata tofali: nyumba ya yatima ijengwe kwa udongo na tofali za kuchoma, wala si kwa tofali mbichi na chokaa. Wenye kuisherehesha wameeleza ya kuwa tofali mbichi hazidumu, na chokaa hugharimu na kuharibu tofali wakati wa kubomoa. Tazameni jinsi walivyomfikiria mtoto hata siku ambayo nyumba yake itabomolewa! Basi yule atakaye kupunguza gharama kwa tofali mbichi, ili hesabu yake ipendeze, ameanza vibaya.

Na kiwanja je? Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, haki ya kimila hutolewa na halmashauri ya kijiji. Karatasi ya dalali yenye sahihi za mashahidi wawili haimtoshi wasii.

Jawabu letu ni hili. Asitoe fedha zote. Abakishe kwanza chakula, mavazi na masomo ya watoto kwa miaka ambayo kodi haitatosha, kisha kikibaki cha kujenga vyumba viwili, na ajenge viwili. Nyumba yenyewe haina zaka; kodi ikitimia nisabu na kupitiwa na mwaka, wasii huitolea zaka katika mali yao, kwani kwetu sisi udogo wa mtoto hauondoi zaka.

Na kabla ya jiwe la kwanza, amwandikie shemeji yake swali moja: katika vyumba vya kodi vilivyokuwako Maretadu mwaka uliopita, vingapi vilikuwa vitupu, na kwa miezi mingapi? Dalali asiulizwe.